Maswali Yenu: Panya wa Maabara, Fruktosi na Ini Lenye Mafuta

Nimesoma kwamba panya waliolishwa fruktosi (sukari ya matunda) walipata presha na ini lenye mafuta. Niache maembe na ndizi? (Msomaji, Tanga)

Usiache. Uliza kwanza panya hao walilishwa kiasi gani. Katika chakula kinachotumika sana kwenye tafiti hizi tangu miaka ya 1980, takriban 60% ya nishati hutoka kwenye fruktosi. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 300. Soda ya mililita 300 yenye gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100 ina gramu 32 za sukari, na nusu yake, gramu 16, ndiyo fruktosi. Ungehitaji soda 19 kila siku kumfikia panya huyo. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 6 hivi.

Kasi ya kula nayo ina uzito wake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba utumbo mwembamba wa panya hugeuza sehemu kubwa ya dozi ndogo ya fruktosi kuwa glukosi kabla haijafika kwenye ini. Dozi ikiwa kubwa, utumbo huzidiwa na ziada hulimwagikia ini. Embe hutafunwa taratibu na lina nyuzinyuzi. Soda humalizika kwa mafunda machache. Wasiwasi wako uuelekeze kwenye vinywaji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 huko California, madume 29 ya tumbili aina ya rhesus walipewa kila siku mililita 500 za kinywaji chenye 15% ya fruktosi, yaani gramu 75, kwa mwaka mzima. Ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoitikia vizuri homoni inayoshusha sukari ya damu, ulijitokeza, na wanne wakapata kisukari aina ya pili. Kwa uzito wa tumbili dozi hiyo ni kubwa, lakini matokeo yake hatuyapuuzi.

Kwa nini fruktosi ilemee ini kuliko glukosi?

Glukosi hutumiwa na karibu kila seli, na ndani ya ini hupita kwenye kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachopunguza kazi nishati ikishatosha. Fruktosi hukikwepa kizuizi hicho. Kimeng'enya kiitwacho ketoheksokinasi huitia fosfeti bila breki, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hushuka, mabaki yake huishia kuwa asidi ya yuriki, na kaboni inayozidi hutengenezwa mafuta. Panya wasio na jeni ya ketoheksokinasi hukingwa na sehemu kubwa ya madhara haya. Ila panya wana urikasi, kimeng'enya cha kuvunja asidi ya yuriki ambacho binadamu hana, kwa hiyo upande huo panya hawatuwakilishi vizuri.

Ninawapa panya maji yenye 10% ya fruktosi, lakini matokeo yanayumba. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Anza na mchanganyiko wenyewe. Pima gramu 100, ziyeyushe, kisha ongeza maji hadi ujazo wote ufike lita 1. Ukimimina gramu 100 juu ya lita nzima ya maji, unapata kama 9.4%. Badilisha chupa kila baada ya siku 2 au 3, kwani bakteria na ukungu hustawi humo, na pima chupa kabla na baada ili ujue kila kizimba kimekunywa kiasi gani.

Kosa kubwa zaidi huwa kwenye kundi la ulinganisho. Panya wanaokunywa maji matamu hupunguza chakula kikavu, hivyo protini na madini hupungua pia. Ukiwalinganisha na wanywaji wa maji matupu, hutajua kama unapima fruktosi, kalori za ziada au upungufu wa protini. Weka kundi la tatu linalokunywa glukosi 10%, na rekodi chakula cha makundi yote.

Usichanganye madume na majike kwenye hesabu moja, maana majike mara nyingi huathirika kidogo. Kwa kipimo cha uvumilivu wa glukosi (jinsi mwili unavyoiondoa glukosi kwenye damu), wanyime panya wote chakula kwa saa zilezile, wape gramu 2 za glukosi kwa kila kilo ya uzito, kisha chukua damu ya mkia dakika ya 0, 15, 30, 60, 90 na 120. Presha ya mkanda wa mkiani hupanda kwa hofu tu. Wazoesheni panya kifaa hicho kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kuandika namba. Uzito usiposhuka wala kupanda, usikate tamaa: trigliseridi (mafuta ya damu) na mafuta ya ini huweza kubadilika kabla mwili haujanenepa.