Kabla hujaandika "klima" kwenye memwari yako, angalia mwezi

Juzi usiku mwanafunzi mmoja wa baiolojia hapa Bukavu alinitumia mesaji: "Dada, jambo. Nataka memwari yangu ya kumaliza chuo iwe juu ya mabadiliko ya klima na kupotea kwa gorila za mbuga ya Kahuzi-Biega, niko na miezi mitatu, nianzie wapi?" Nilisoma mara mbili alafu nikaweka simu chini, juu mimi nilikuwa mtu yule yule, tofauti ni kwamba yeye ameuliza mapema. Namjibu hapa ili na wengine msome, najua mko wengi mnaotaka kuwa watafiti, jina litoke kwenye jarida, msafiri, mrudi mfundishe, na mimi nilitaka hivyo na bado nataka.

Mimi nilichagua sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mama yangu ameuza sambaza Kadutu miaka yote ya shule yangu, minervali, yaani franga za shule, ilitoka kwenye ile sahani, na karibu kila jioni alirudi akisema samaki imepungua. Basi nikasema sujé, yaani mada, njo hii, mabadiliko ya klima yanamaliza sambaza Ziwa Kivu. Hata sijashuka ziwani, hitimisho lilikuwa limeshaandikwa kichwani. Nilikuwa nimesoma utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake wa 2003 juu ya Ziwa Tanganyika: maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki tena vizuri na ya chini, virutubisho vilivyoko chini havipandi, mwani unapungua kwa karibu asilimia 20 na samaki nao wanakosa chakula. Nikabeba hadithi nzima nikaipandisha na mto Ruzizi nikaiweka Kivu.

Lakini Kivu si Tanganyika, hata kama Ruzizi inatoka huku kwenda kule. Maji ya chini ya Kivu yamejaa chumvi na gesi, ni mazito, upepo hauwezi kuyainua. Ziwa lina kina cha mita 485 lakini ukishuka kupita mita 60 hivi oksijeni imeisha, hakuna samaki. Yaani maisha yote ya sambaza yanapita kwenye kipande chembamba cha juu, na ni upepo wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, unaokoroga kile kipande na kulisha mwani. Tena sambaza yenyewe si mwenyeji. Ililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, juu katikati ya Kivu hakukuwa na samaki wa kula vidudu vinavyoelea majini, na ilipokuja kidudu kimoja kikubwa, Daphnia curvirostris, kikapotea kabisa. Ziwa lilibadilika kwa mkono wa mtu. Haya yote yalikuwa yameandikwa, yanasomeka, mimi sikuyatafuta.

Franga zangu zilitosha siku 17. Nikawa nashuka kila alfajiri kupima mavuno ya timu moja ya wavuvi, ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanarudi wanaimba na taa bado inawaka. Siku za kwanza samaki ilijaa, nikapima mpaka mikono inaganda. Alafu ikaanza kushuka, kila siku kidogo, mpaka siku za mwisho wanarudi na kilo chache, usiku mwingine hawatoki hata. Nikachora mstari unaoshuka, mzuri, na programu ikanipa namba nzuri pia.

Siku moja karibu na mwisho mzee wa timu aliniangalia akaniambia, "Mutoto yangu, uko napima samaki ao uko napima mwezi?" Nilicheka kwa heshima nikaendelea kuandika. Nilimdharau yule mzee, nasema wazi, niliona yeye hajui takwimu. Bado inaniuma kuliko yote yaliyofuata.

Siku ya kutetea memwari, mama alikuwa amepika nyumbani toka saa kumi za usiku, majirani wamekuja, mjomba amevaa koti. Mmoja wa jiri, wale walimu wanaoihukumu, akaniuliza swali moja tu, ulianza kupima tarehe gani. Nikasema. Akatoa simu, akatafuta kalenda, akanionyesha: siku yangu ya kwanza mwezi haukuwepo, siku zangu za mwisho mwezi umejaa. Sambaza usiku inapanda kufuata vidudu, mvuvi anaikusanya kwa taa kwenye giza, mwezi ukiwaka taa haina nguvu, samaki inatawanyika. Nusu ya mzunguko wa mwezi nilikuwa nimeiita klima. Akasema mbele ya mama yangu kwamba hii si sayansi, ni habari za redio. Wakanirudisha. Chakula kililiwa kimya kimya.

Swali lilikuwa la haki. Ile maneno ya redio haikuwa ya haki, na nyinyi mkiwa walimu kesho msimwambie mtoto wa mtu hivyo.

Nilirudi ziwani mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, nalipa kwa kufundisha sekondari. Daftari langu likawa na nguzo ya mwezi, ya upepo, ya mvua, ya ukubwa wa tundu la nyavu. Mzee alinipokea kama vile sikumcheka. Memwari ya pili ilipita na distinksyo, na ndani yake nimeandika kwamba kwa mwaka mmoja siwezi kusema kitu juu ya klima, juu klima inahesabiwa kwa miaka 30. Sentensi hiyo njo najivunia kuliko grafu zote.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, sikia. Klima inatuumiza kweli, sikatai. Lakini ripoti ya 2019 ya IPBES, jopo la kimataifa juu ya viumbe na mazingira yao, ile iliyosema spishi kama milioni moja ziko hatarini, imepanga sababu, na klima ni ya tatu. Mbele yake kuna namna tunavyogeuza ardhi na maji, alafu kuvua, kuwinda na kukata. Kahuzi-Biega iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini toka 1997, na unajua mwenyewe ni nini kimepita pale: silaha, makala (makaa ya kupikia), migodi, mitego. Ukiruka hayo yote ukakimbilia joto utakuwa umemfichia mtu kosa lake. Usichague jibu kabla ya swali. Soma tafiti za zamani kwanza, za kituo cha utafiti cha Lwiro ziko karibu, uliza vitabu vya mvua, uliza nani alihesabu kabla yako na kwa njia gani. Na usichague jibu kabla ya swali, narudia juu najua utalichagua, sote tunalichagua. Wasikilize walinzi na wanakijiji kabla ya programu.

Miezi mitatu haitoshi kwa gorila na klima. Inatosha kwa kitu kidogo, mfano mianzi kwenye kipande kimoja, wapi inakatwa na wapi haikatwi. Chora jedwali tupu, nguzo zote unazofikiri utajaza, unitumie kabla hujalipa transpo ya kwenda Tshivanga, kule kwenye ofisi za mbuga.