Muulize Mama Mkaguzi: Ofisi ya vibali ikisema imefanya vizuri, hesabu inaanzia wapi?

Mwaka wa fedha ulifungwa tarehe 30 Juni, na tangu hapo barua ninazopokea zinafanana. Halmashauri zinasoma taarifa za mwaka, vitengo vya vibali vya ujenzi vinatundika mabango ya mafanikio, na wasomaji wananiuliza wayachukulieje. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa majengo wa manispaa kwa miaka 27. Mabango ya namna hiyo nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo leo nimezijibu barua hizo kwa pamoja.

SWALI: Shikamoo Mama Mkaguzi. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa, Kanda ya Ziwa. Kwenye kikao tulisomewa kwamba kitengo cha vibali kimevuka lengo la makusanyo, vibali vimeongezeka, na siku za kusubiri zimepungua tangu maombi yahamie kwenye mtandao. Wananchi wangu walipiga makofi, lakini tulipotoka nje wakaniambia nafuu hiyo hawajaiona. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba, mwenyekiti wangu. Inawezekana kabisa kwamba wote wanasema kweli. Ofisi ina siku zake za kuhesabu na mwananchi ana zake, na hazianzii mahali pamoja.

Ofisini kwetu tulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu la bluu. Lilikuwa na safu za namba ya faili, jina, kiwanja na kitalu, tarehe ya kupokea, tarehe ya kikao cha kamati, na safu ya mwisho kabisa kulia, tarehe ya kuchukua kibali. Safu ile ya mwisho ilikuwa tupu kurasa na kurasa. Hakuna aliyeijaza, kwa sababu hakuna aliyetuuliza. Mwisho wa mwaka tulichukua tarehe ya kupokea na tarehe ya kikao, tukatoa moja kwa nyingine, tukapata siku chache za kupendeza. Ila "kupokea" kwetu kulikuwa na maana yake: faili liliandikwa daftarini siku lilipokamilika. Kama risiti ya pango la ardhi ilikosekana, faili lilirudi nyumbani na mwenyewe bila kuandikwa popote. Akirudi na risiti, anaambiwa mchoro wa shimo la choo hauonyeshi umbali. Akirekebisha, anaambiwa seti za michoro hazitoshi. Kwetu alikuwa bado hajafika.

Kulikuwa na mzee mmoja fundi cherehani, anajenga vyumba viwili na sebule kwenye kiwanja alichopimiwa kihalali. Siku aliponikabidhi karatasi zake nikageuza risiti moja nikaona nyuma yake mistari ya penseli, mifupimifupi, imefungwa mitano mitano. Nikamuuliza ni hesabu ya nini. Akasema, "Ni safari zangu za kuja hapa, mama." Ilikuwa kumi na moja. Daftarini mwetu mzee yule alionekana ameshughulikiwa ndani ya siku tisa. Nilikaa na risiti ile mkononi nikashindwa kumtazama.

Kwa hiyo, mwenyekiti, kwenye kikao kijacho uliza swali moja tu: siku hizo zimehesabiwa tangu mwananchi alipofika kaunta mara ya kwanza, au tangu faili lilipokubaliwa? Na zimeishia kwenye kikao cha kamati, au kibali kilipoingia mkononi? Mfumo wa TAUSI, ule wa maombi ya mtandaoni wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, unasaidia sana hapa, kwa sababu ombi likiingia mtandaoni linaacha tarehe yake, na halitegemei tena karani akumbuke kuandika. Huo ni ukombozi wa kweli na ninausifu kwa moyo wote. Lakini kama mwananchi bado analazimika kupeleka karatasi mezani kwanza "zikaangaliwe" ndipo aruhusiwe kujaza fomu, basi daftari la bluu lingalipo, limebadilisha nguo tu.

Kuhusu makusanyo kuvuka lengo, hapo sina maneno mengi. Fedha ni muhimu kwa halmashauri, barabara na zahanati zinatoka humo. Ila kitengo cha vibali kipo ili nyumba isimuue mwenyewe wala jirani yake, na kujisifia makusanyo peke yake ni sawa na zahanati kujisifu kwa kuuza kadi.

Jambo ambalo ningetaka ulishike kuliko yote ni ukaguzi. Vibali vimeongezeka, sawa. Je, mkaguzi amefika saiti mara ngapi? Msingi ukishafunikwa, hakuna mtu mwenye macho ya kuona nondo zilivyolala. Nakumbuka asubuhi moja nilifika kwenye mtaro wa msingi wa nyumba ya ghorofa moja, mchanganyiko wa zege unasubiri, mafundi wamevua viatu. Nikachuchumaa nikapitisha kiganja chini ya nondo. Hakikupita. Nondo zote zilikuwa zimelala juu ya udongo mtupu, hakuna hata biskuti moja, vile vipande vya zege vya kuziinua ili zege lizizunguke pande zote. Kwa macho mtaro ulikuwa umenyooka, ringi zimefungwa safi. Lakini chuma kinachogusa udongo wenye unyevu huota kutu, kutu huvimba, zege hupasuka, na nyumba huanza kuzeeka kabla mwenyewe hajahamia. Tulisimamisha kazi, fundi akafyatua biskuti zake, kazi ikaendelea kesho yake. Ukaguzi ule ulikula lita moja ya mafuta ya pikipiki.

Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo, likiwa na wafanyabiashara na wateja wao ndani, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Kila ninaposoma taarifa ya mwaka ya ofisi ya vibali huwa natafuta kwanza mstari wa ukaguzi. Usipokuwapo, uliza. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi, na diwani wako anaweza kuliwasilisha swali hilo. Mkikosa jibu, andikeni barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi siku 30 za kujibu.

SWALI: Assalam alaykum Mama. Niko Muscat, nafanya kazi za nyumbani, na ninajenga huko nyumbani kupitia kaka yangu. Amenitumia picha ya kibali kwenye simu, ananiomba nimrudishie fedha alizolipia. Nitajuaje kama ni cha kweli?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu, na pole kwa kazi. Sitaki kumtuhumu kaka yako. Wengi wanaotapeliwa ni hao hao ndugu wema wanaopitia kwa vishoka. Mwombe vitu viwili. Cha kwanza ni namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti yake. Ada ya serikali inalipwa kwa namba hiyo, benki au kwa simu, na risiti inaonyesha jina la halmashauri. Kama fedha ilitumwa kwenye namba ya simu ya mtu, hata awe amevaa kitambulisho shingoni, hiyo si ada ya kibali. Cha pili ni picha za michoro yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, ikiwa na mihuri. Karatasi ya kibali peke yake haitoshi, kwa sababu kilichoidhinishwa ni michoro ile. Ndiyo inayotakiwa kuwa saiti siku zote, na ndiyo mkaguzi atakayoilinganisha na ukuta. Kisha mtume mtu mwingine unayemwamini, si lazima ndugu, aende ofisini na namba ya kibali aulize kama ipo. Swali la dakika tano hilo. Ukishayapata hayo, mrudishie kaka yako fedha yake na umshukuru.

SWALI: Mama Mkaguzi, nyumba yangu imefika kwenye lenta, imechorwa X nyekundu. Sikuwa na kibali. Jirani anasema nipake rangi juu yake niendelee usiku. Nifanyeje?

JIBU: Usipake, na usiongeze hata tofali moja, kwa sababu kuendelea baada ya kuzuiwa ni kosa la pili juu ya la kwanza. Tafuta notisi yenyewe, iliyoandikwa. Kama hukupewa, nenda ukaidai, maana humo ndimo sababu ilimo. Kama tatizo ni kukosa kibali tu na kiwanja ni chako, hakiko kwenye hifadhi ya barabara wala bondeni, kuna mahali pa kuanzia mazungumzo: tafuta mbunifu aliyesajiliwa achore kilichopo kama kilivyo, mpeleke na mhandisi akague msingi, ndipo uende ofisini na michoro na maelezo. Kama umejenga kwenye hifadhi ya barabara, mwanangu, nitakuambia ukweli ingawa unauma: hakuna mchoro utakaoihamisha barabara. Okoa mabati na mbao mapema.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana, nimeajiriwa mwaka jana kwenye kitengo cha vibali cha halmashauri moja. Nimepewa kuandika taarifa ya mafanikio ya mwaka. Mkuu wangu anataka ipendeze. Mimi nataka iwe ya kweli. Inawezekana vyote viwili?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nilitamani ningekuwa nimeiandika mimi nilipokuwa na umri wako.

Inawezekana. Anza na mambo madogo ambayo mwananchi ameyagusa. Je, mwaka huu mmetundika ukutani orodha kamili ya vinavyotakiwa, kwa Kiswahili, pamoja na ada zake? Hayo ni mafanikio, yaandike. Mmeweka benchi kivulini? Liandike pia, mama mwenye mtoto mgongoni aliyesimama tangu saa mbili analijua thamani yake. Mmetangaza siku za wakaguzi kwenda kila kata, ili fundi asimwage zege kwa kukata tamaa ya kusubiri? Hilo liweke juu kabisa.

Mageuzi makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona kazini hayakugharimu kitu. Ni siku tulipokubaliana kwamba faili likiwa na kasoro, kasoro zote ziandikwe kwenye karatasi moja, kwa mara moja, na sahihi ya aliyekagua. Zamani ofisa wa ardhi alikuwa anaona kosa lake anarudisha faili, likirudi wa mipango miji anaona lake analirudisha, kisha wa afya, kisha mhandisi. Tukaanza kukaa meza moja Jumatano asubuhi, faili linazunguka, kila mtu anaandika lake, mwananchi anapewa karatasi moja. Wiki ya kwanza tuligombana sana, maana kila mmoja alizoea meza yake. Mwezi wa pili msongamano wa kaunta ukapungua hadi mlinzi akauliza kama ofisi imehama. Yule fundi cherehani angekuja mara tatu tu. Kama ofisi yenu haijafanya hivi, mpendekezee mkuu wako kama mpango wa mwaka unaoanza. Wakuu hupenda taarifa inayomaliza na mpango.

Kisha weka maombi yaliyokwama, na sababu zake. Usiogope. Ukiandika kwamba mengi yamekwama kwa sababu viwanja havijapimwa, au kwa sababu kitengo kina mkaguzi mmoja na pikipiki moja, umempa mkurugenzi hoja ya kuombea bajeti. Nilichelewa kulielewa hilo. Miaka yote tuliandika kwamba mambo ni mazuri, na miaka yote tukanyimwa gari, maana nani ampe gari mtu asiye na shida?

Na vile viwango mlivyojiwekea kwenye Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ule uliobandikwa mlangoni, vichukue kimoja kimoja uandike mmevifikia au hapana. Mkuu wako hawezi kukulaumu kwa kutumia maneno yake mwenyewe.

Mwisho, jaza safu ya tarehe ya kuchukua. Najua itakuwa tupu. Anza na mafaili ya Mei na Juni, piga simu zilizoandikwa kwenye fomu, uliza tu: "Kibali chako ulikichukua lini, na ulikuja mara ngapi?" Wengi watakuwa wanakumbuka mpaka siku ya wiki. Ukipata mafaili thelathini ya namna hiyo, una taarifa mkononi. Niandikie umefikia wapi.