Huyo si bata mzinga, ni mumbi

Ndugu uliyeuliza kuhusu "bata mzinga weusi" uliowaona wawili wakikatiza barabara kabla ya kufika mji wa Pakwach: hao ni mumbi, wengine huwaita fimbi, na aliyekuambia ni tai wachanga amekupoteza. Nimeendesha magari ya watalii kwenye hifadhi ya Murchison Falls, hapa Uganda, miaka 11, na ndege huyu ndiye ninayempenda kuliko wote, hata kuliko simba.

Mumbi ni jamaa ya hondohondo, ila yeye kaamua kuishi chini. Kutoka mdomo hadi mkia anafika kama mita moja, na uzito wake ni kilo 4 hivi. Akitembea utaapa kwamba hana hata unyoya mmoja mweupe. Subiri aruke, maana manyoya makubwa ya mabawa ni meupe pee. Tandawala, ndege mwingine mkubwa anayetembea chini, naye yumo kwenye nyasi hizo hizo, lakini huwezi kumfananisha na mumbi ukishauona ule mdomo mrefu mzito, na juu yake pembe fupi iliyo wazi mbele kama bomba lililokatwa.

Mwenye mfuko mwekundu kooni ni dume. Yule wa bluu tupu ni jike. Kwa hiyo kama mmoja wa wawili wako alikuwa na mwekundu na mwingine wa bluu, uliwaona mke na mume. Picha ulizopata mtandaoni zilikuchanganya kwa sababu nyingi ni za ndugu yake wa kusini, anayepatikana Kenya na Tanzania. Huyo uso wake ni mwekundu na hana ile pembe iliyo wazi.

Mwaka jana mwezi wa kwanza, nyasi zikiwa zimeungua, nilizima gari upande wa kaskazini kwenye ile miti mingi ya mivumo. Jike akaja akitembea kwa ncha za vidole, polepole, akipekua majivu. Akachomoa mjusi. Sikuona akimeza. Akaongeza panzi, kisha panzi mwingine, kisha kitu chenye mkia mrefu, nadhani panya, na kila akidaka kipya, vile vya kwanza havidondoki. Alipita kama mita tatu kutoka mlango wangu, nikaziona kope zake, ndefu na nyeusi kama za mtu aliyejipamba. Halafu akaruka na mzigo wake wote hadi kwenye shimo la mti mkubwa mkavu. Kule kulikuwa na kinda.

Ndiyo sababu nakuomba usiwafukuze na gari ili upate picha. Mumbi hutaga mayai mawili, lakini kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye anayepona, kwa kuwa wa pili huchelewa kuanguliwa na kunyimwa chakula na mkubwa. Huyo aliyebaki hukaa shimoni karibu miezi mitatu. Tena shimo la kumtosha ndege wa kilo 4 halipatikani kwenye mti mchanga. Nje ya hifadhi kulikuwa na mti mmoja nilioonyesha wageni miaka mingi. Siku moja nikapita nikakuta kisiki na magunia ya makaa kando ya barabara. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku makaa ya biashara huku kaskazini, lakini mti ule ulishakwenda, na wale ndege sijawaona tena pale. Iliniuma, na inaniuma bado.

Ukirudi, lala Paraa, ndani ya hifadhi, au Pakwach na uamke kabla jua halijachomoza. Utasikia mlio mzito wa chini, uu, uu, uu-uu, kama mtu anayepiga ngoma kubwa mbali. Dume huanza, jike humjibu kwa sauti ya juu kidogo. Mgeni wangu mmoja alinishika mkono akidhani ni simba. Ufuate kwa masikio tu, ukae kimya. Jua likitoka watashuka wenyewe kwenye nyasi fupi.