Nilitaka Kumbukumbu 40, Nikabaki na 9

Usiku mmoja umeme ulikatika mtaani kwetu Tanga, laptopu imebaki na asilimia 11 ya chaji, nikafungua kikokotoo cha simu nikaanza kuzidisha: mbili mara mbili, mara mbili tena, mpaka mbili zikafika 40. Jibu lilijaza kioo. Nililisoma kwa kidole, tarakimu moja moja, kama mtoto wa madrasa na juzuu yake: 1,099,511,627,776. Trilioni moja na ushee. Hizo ndizo hali ambazo gemu la kompyuta ninalolitengeneza, lenye kumbukumbu 40 za mchezaji, lingeweza kuwa nazo. Nilikuwa nimeshalifanyia kazi mwaka mmoja na miezi minne bila kupiga hesabu hiyo hata siku moja.

Gemu lenyewe ni RPG, yaani gemu la kuishi kama mhusika ndani ya hadithi, ya sayansi iliyovishwa hirizi. Bahari imekauka, mwezi umepasuka, na watu wanasafiri kwa majahazi yanayopaa kutoka kipande kimoja cha mwezi hadi kingine. Ndani ya kila injini amefungwa jini kwa mkataba. Fundi wa injini, yaani wewe mchezaji, anashika spana mkono huu na chetezo mkono ule. Jini hafanyi kazi bure. Ukimwomba akuvushe kwenye dhoruba, anachukua kumbukumbu yako moja: jina la mtaa uliokulia, namna bibi alivyokuwa akikuna nazi, sura ya mtu uliyemkosea. Ikishakwenda, haiendi peke yake. Sentensi zote zinazoihusu zinapotea kwenye mazungumzo yako, na watu wanaokufahamu wanaanza kukuangalia kwa jicho la pembeni.

Wazo hilo silijutii mpaka leo. Ushauri wa "anza na kagemu kadogo kwanza" nimeusikia mara nyingi na una ukweli wake, ila kuna watu hawawezi kuamka saa kumi alfajiri, kabla ya kwenda kazini, kwa ajili ya gemu wasilolipenda. Mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo haya nayaandika kwa mwenzangu mwenye wazo kubwa ambaye ameshaambiwa aliache na amekataa.

Kukataa kwako si wazimu. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion mwaka 2016, RPG yenye dunia yake kamili ya Kiafrika. Wazo lake lilianza 2003, mwanzilishi Guillaume Olivier Madiba akiwa bado mwanafunzi. CrossCode ya Wajerumani wa Radical Fish Games ilianza kuuzwa 2015 ikiwa haijakamilika, ikakamilika 2018. Eric Barone alikaa na Stardew Valley zaidi ya miaka minne peke yake, na lile ni gemu la shamba. Kinachowezekana kinaonekana. Angalia na miaka pia.

Shida ya kuchanganya sayansi na majini ni kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Ukiwa na roboti unaweza kuwa na roboti aliyepandwa na pepo. Ukiwa na pepo unaweza kuwa na kituo cha anga cha kupungia pepo. Na kila wazo linapokuja saa sita usiku linaonekana zuri kuliko la jana. Daftari langu la kwanza lilikuwa na milango ya kuruka nyota, kilimo, vita vya majahazi, biashara ya viungo, na uvuvi wa samaki wa angani. Kilichonisaidia ni kuandika bei ya dunia yangu kwa sentensi moja na kuibandika ukutani: nguvu yoyote hulipwa kwa kumbukumbu. Halafu nikapita kwenye daftari na kalamu nyekundu. Kisicholipwa kwa kumbukumbu, nje. Uvuvi ulikwenda, na nakuambia uliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshachora changu, tasi na kolekole, kila mmoja pikseli 16 kwa 16, na kolekole alikuwa ametoka vizuri sana.

Nilidhani baada ya hapo gemu limepungua. Ramani ilikuwa imepungua kweli, lakini sikuwa nimegusa kitu kinachokula miaka, yaani idadi ya vitu vinavyogusana.

Kumbukumbu moja ina hali mbili: unayo, au imechukuliwa. Kumbukumbu mbili, hali nne. Tatu, nane. Ndiyo maana 40 zinafika kwenye trilioni. Si kwamba kila hali inahitaji sentensi yake. Mzee wa bandarini hajali kama unakumbuka mapishi ya bibi au la. Ila kila hali ni kichaka ambamo kasoro inaweza kujibanza. Nilikutana na mojawapo kwa bahati tu. Shangazi wa mchezaji anamuuliza, "Baba yako alikuachia nini?" Majibu yote matatu yalimhusu baba, na nilikuwa nimeshamuuza baba kwa jini ili nivuke dhoruba. Kiboksi cha majibu kikatokea kitupu. Hakuna cha kubonyeza, hakuna njia ya kutoka, shangazi ananitazama na kupepesa macho kila sekunde mbili. Nilizima gemu.

Baada ya usiku ule wa kikokotoo nilipunguza kumbukumbu mpaka 9. Hali 512. Hizo kompyuta inaweza kuzipitia zote, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Niliandika programu fupi inayopita kwenye kila hali na kuuliza swali moja tu: kuna mazungumzo ambayo mchezaji hana jibu hata moja? Inamaliza kabla kikombe changu cha chai ya tangawizi hakijapoa. Mara ya kwanza ilinirudishia sehemu 37. Thelathini na saba! Na mimi nilikuwa nakaribia kuwaonyesha watu.

Marafiki wa safari ni hesabu hiyohiyo kwa sura nyingine. Nilikuwa na wanane, na nilitaka kila mmoja awe na neno kwa mwenzake. Wanane ni jozi 28. Watatu ni jozi tatu. Nikabaki na watatu, na wale watano nikawafanya wauza kahawa, manahodha, na mmoja marehemu anayezungumziwa tu, ambaye kwa maoni yangu ndiye mhusika bora kuliko wote. Kwa hiyo kabla hujaongeza kitu chochote, usijiulize kitachukua siku ngapi kukitengeneza. Jiulize kitagusana na vingapi vilivyopo, kisha zidisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hutalikuta kwenye video yoyote ya mafunzo. Ukiandika gemu kwa Kiswahili, ngeli zitakutoa jasho. Mafunzo yanakuelekeza uandike sentensi moja yenye pengo, programu ijaze jina la kitu. Kwa Kiingereza inatosha. Mimi nikaandika pengo, kisha "kimevunjika", kwa sababu kitu cha kwanza nilichojaribia kilikuwa kisu. Binamu yangu akacheza, akapigana, na kioo kikamwandikia: "Upanga kimevunjika." Halafu: "Hirizi kimevunjika." Akanigeukia, "Kaka, hili gemu limeandikwa na mzungu?"

Dawa yake ni kwamba kila kitu kwenye orodha yako kibebe ngeli yake, pamoja na umbo la umoja na la wingi, na viambishi vikae kwenye jedwali lao. Upanga umevunjika, panga 3 zimevunjika. Kisu kimevunjika, visu 3 vimevunjika. Jembe limevunjika. Fanya hivyo siku ya kwanza. Mimi nilifanya mwezi wa 18, na nilirudia vitu 140 kwa mkono, jioni baada ya jioni, redio ikiimba taarabu.

Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo iliyonipa kitu nilichokuwa nakitafuta muda wote. Nilipofika kwenye neno "jini" nilikwama. Kwa umbo lake ni jini, majini, kama jembe na majembe. Lakini ni kiumbe, kwa hiyo tunasema jini ameamka, si limeamka. Programu ikaniuliza ngeli yake na sikujua nijaze nini. Nikajaza zote mbili. Sasa nahodha anayewadharau majini husema "jini limezima, liwashe," kama anayesema jenereta. Bibi mwenye chetezo husema "jini amelala, usimwamshe kwa pupa." Mchezaji naye huchagua, bila kuambiwa kwamba anachagua, na jini anasikia. Kuna mlango mmoja karibu na mwisho ambao haufunguki kwa aliyesema "li-" safari nzima. Hilo huwezi kulitafsiri kirahisi, na sioni haja ya kulitafsiri.

Binamu huyohuyo alinifundisha na jingine. Nilimkalisha, nikajiapiza kufunga mdomo. Alitembea mpaka kwenye mlango wa kwanza wa gemu, akasimama. Akabonyeza mshale wa juu. Akabonyeza spesi. Akabonyeza enta mara nne. Mlango ulikuwa unafunguliwa kwa herufi E, kama magemu ninayocheza mimi, na hakuna mahali nilipoandika hivyo. Dakika sita alisimama pale, nami nimeng'ata kola ya shati. Kaa nyuma ya mtu, usiseme neno, andika kila mahali anaposimama. Ukifungua mdomo kumsaidia, umekwishapoteza kipimo.

Kuhusu injini ya gemu, yaani programu ya kulitengenezea, sina mengi. Natumia Godot: ni ya bure kwa leseni ya MIT, kuishusha hakumalizi bando la wiki, na inakubali laptopu yangu yenye RAM ya GB 8. Nilikuwa nimeanza na Unity, injini nyingine. Septemba 2023 walipotangaza ada kwa kila mtu atakayesakinisha gemu, nilihama kwa hasira. Ada hiyo waliifuta Septemba 2024, lakini mimi nilikuwa nimeshazoea kwingine. Ukiwa katikati ya gemu lako na injini inakufaa, usihame kwa hasira. Kuhama kulinila miezi mitatu.

Tumia Git, programu inayotunza kila hatua ya kazi yako. Inafanya kazi bila intaneti, unahifadhi hatua zako kwenye mashine kisha unazipandisha juu ukipata bando. Na weka nakala nje ya nyumba, si kwenye diski inayokaa mfuko mmoja na laptopu, maana mwizi habagui.

Pesa nitaieleza kwa gemu moja. Kuweka gemu Steam, duka la magemu la mtandaoni, ni dola 100, unazorudishiwa likishaingiza dola 1,000. Tuseme Mmarekani kalinunua kwa dola 10. Steam huchukua asilimia 30, zinabaki 7. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kwenye hizo 7 inakatwa asilimia 30 nyingine, unabaki na 4.90, na TRA, watoza kodi wetu, hujaongea nao bado. Mauzo ya nchi nyingine hayakatwi kodi hiyo ya Marekani. Panga bei yako ukijua hilo. Jua pia kwamba ukurasa wako lazima ukae wazi angalau wiki mbili kabla ya kuuza, na kwamba tamasha lao la demo (vionjo vya magemu), Next Fest, gemu linaingia mara moja tu maishani. Mimi nilitaka kuingia mwaka jana na kipande cha mwezi kisicho na sauti. Nashukuru niliugua malaria nikachelewa tarehe.

Lililobaki ni la aibu. Faili la kuhifadhi mchezo liandikie namba ya toleo tangu siku ya kwanza, ili gemu jipya litambue faili la zamani na kulibadilisha. Mimi sikuandika. Dada yangu alikuwa amecheza jumla ya saa sita, kwa siku tatu, akiwa amelala kwenye mkeka sebuleni, na alikuwa ameilinda kumbukumbu ya bibi kwa kupitia njia ndefu kila dhoruba ilipokuja. Nikabadilisha jina la sehemu moja kwenye faili, jina moja tu, nikamwekea toleo jipya. Faili lake halikufunguka tena. Nilimweleza kwamba sasa nimerekebisha, nikamwonyesha hata namba ya toleo ilipokaa. Akaitazama, akanirudishia laptopu.

"Mmeniibia bibi yangu, wewe na jini lako," akasema. Anasema atacheza likikamilika.