Majini waliosema Kiswahili: jibu kwa mleta uzi wa kufungia magemu

Mleta uzi, umeuliza hivi: kijana wako wa miaka 12 anacheza gemu la kuuana kwenye simu, Wajerumani na Wachina magemu hayo wanayakata na kuyafungia, mbona sisi tumekaa tu? Mimi nimechezesha gemu Ngamiani, Tanga, kwa miaka saba, TV nne na kompyuta moja, kwa hiyo nivumilie, jibu langu refu kidogo.

Nianze na hao Wajerumani. Kwenye ile kompyuta nilikuwa na Half-Life la mwaka 1998, CD halisi niliyoletewa na binamu yangu aliyekuwa akiishi Hamburg. Siku ya kwanza tu vijana waliokwishalicheza kwingine wakaniambia, "Bosi, gemu lako bovu." Askari ambao wao waliwazoea kama watu, kwangu walikuwa roboti. Damu hakuna. Na yule mwanasayansi wa maabara, ukimtwanga risasi hafi: anakaa chini anatikisa kichwa, kama babu aliyechoshwa na wajukuu. Nikaisafisha CD kwa dawa ya meno (wenye vibanda mnanielewa), wapi! Kumbe CD nzima. Ndivyo toleo la Ujerumani lilivyotoka kiwandani.

Kule kuna ofisi ya serikali inayoweka orodha ya kazi zinazodhaniwa kuwadhuru vijana. Gemu likiingia kwenye orodha, mtu mzima anaweza kulinunua, ila dukani haliwekwi hadharani wala halitangazwi, na bidhaa isiyoonekana haiuziki. Kwa hiyo kampuni zikawa zinajikata zenyewe mapema. Doom iliingia orodhani 1994 ikatoka 2011. Hata River Raid, kile kindege cha zamani kinachopita juu ya mto, kiliingizwa 1984.

La Wanazi, wale wa chama cha Hitler, ni jingine, hilo ni sheria ya jinai. Kifungu cha 86a kinakataza kuonyesha alama za vyama kama chao, na filamu zilisamehewa kwa hoja ya sanaa na historia, magemu hayakusamehewa. Wolfenstein 3D, ambalo kazi yako humo ni kuwaua hao hao Wanazi, lilipigwa marufuku 1994. Wolfenstein II lilipotoka 2017, toleo la Ujerumani lilimnyoa Hitler masharubu na kumbadilisha jina, akaitwa Heiler. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu kwenye daladala. Masharubu! Agosti 2018 wakalegeza, sasa kila gemu linapimwa lenyewe kama filamu.

Sasa uone mambo. Gemu lile lile alilokata Mjerumani, Mmarekani analiacha na damu yake yote, halafu analikata jingine ambalo Mjerumani asingeligusa. San Andreas, gemu lililonilipia pango la kibanda kuliko yote, kwao lilikuwa sokoni na bunduki zake na wizi wake wa magari kuanzia 2004. Mwaka 2005 mtu akagundua kipande cha mapenzi kilichofichwa ndani ya programu, hapo ndipo moto ukawaka: likapandishwa daraja kuwa la watu wazima tu, maduka makubwa yakaliondoa. Na 2011 Mahakama yao ya Juu, majaji 7 kwa 2, ikaamua kwamba California haiwezi kuzuia kwa sheria magemu ya ukatili yasiuzwe kwa watoto, kwa sababu gemu nalo linalindwa na uhuru wa kujieleza. Yaani kuua ni maoni, uchi ni balaa. Mimi hesabu hiyo imenishinda.

Wajapani wao wanaondoa picha za kukatwa viungo. Resident Evil 4 walilitengeneza wenyewe, lakini toleo lao la nyumbani halikuonyesha mchezaji akikatwa kichwa kwa msumeno wa injini, wakati la Marekani linaonyesha. Ila kilichonigusa mimi ni Fallout 3. Humo kuna mji uliojengwa kuzunguka bomu la nyuklia ambalo halijalipuka, na mchezaji anaweza kuchagua kulilipua. Toleo la Japani chaguo hilo liliondolewa, na silaha iitwayo Fat Man ikabadilishwa jina, maana Fat Man ndilo bomu lililoangushwa Nagasaki. Hapo sikucheka.

Wachina uliowataja hawafungii tu, wanageuza. Kwenye gemu la World of Warcraft mafuvu na mifupa vilivikwa nyama. Gemu la PUBG la simu, ambalo naona ndilo lililowashika watoto wetu, kwao lilibadilishwa 2019 likaitwa jina la amani: unayempiga risasi anapiga magoti, anakuachia sanduku la vitu vyake, anakupungia mkono wa kwaheri. Halafu 2021 wakaja na sheria ya muda: aliye chini ya miaka 18 anacheza saa moja tu, kuanzia saa 2 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Lakini wanaweza kwa sababu kila mchezaji ameandikishwa kwa jina na kitambulisho chake. Wewe kijana wako anacheza kwa laini ya nani? Yako, au ya mama yake.

Kuna mkato mwingine hauhusu serikali kabisa. Oktoba 2008 LittleBigPlanet, gemu la kitoto kabisa la vikaragosi vya kitambaa, lilisimamishwa dunia nzima siku chache kabla ya kutoka, CD zikarudishwa. Sababu ni wimbo mmoja wa Toumani Diabaté, mpiga kora (ala ya nyuzi) wa Mali, uliokuwa na vipande viwili vya maneno ya Kurani. Mchezaji Mwislamu aliandika kulalamika kwamba kuchanganya maneno yale na muziki ni kuyakosea heshima. Diabaté naye alikuwa Mwislamu, wa ukoo wa waimbaji wa sifa ambao kwao kumtaja Mungu kwenye wimbo ni mila. Sisi tuliokulia na kaswida na dufu tunaweza kuwaelewa wote wawili, na hatungemaliza ubishi huo hata kwa mikeka mitatu ya kahawa. Kampuni haikuingia kwenye ubishi, ilitoa sauti ya mwimbaji gemu likaendelea.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mwaka 2012 nilipata mashine ya gemu ya PS3 ya mkono wa pili, na ndani ya mfuko kulikuwa na Resident Evil 5. Mnalijua: mzungu Chris na mwenzake Sheva wanaingia eneo la kubuni liitwalo Kijuju, huko Afrika Magharibi, watu wameambukizwa wamekuwa kama wazimu, na kazi yako ni kuwapiga risasi. Filamu yake ya kwanza ya matangazo ya 2007 ilizua kelele Marekani, watu wakiuliza picha ya mzungu akiua umati wa weusi ina maana gani. Ubishi ule wote ulikuwa wa rangi ya ngozi. Kuhusu lugha sikusoma neno.

Maana wale maadui wanaitwa Majini. Na wanasema Kiswahili.

Siku ya kwanza vijana walianguka kicheko. Zimwi la televisheni linakukimbilia na panga linakutukana kwa lugha ya mama yako! Sauti tukaongeza. Bi mkubwa mwenye nyumba, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuvuka kizingiti changu, akaingia mbio na upande wa khanga mkononi, akidhani watu wanapigana.

"Shikamoo bi mkubwa, ni gemu tu."

"Marahaba. Hao wanaouawa ni watu wa wapi?"

"Wa Afrika Magharibi, bi mkubwa."

"Mbona wanasema Kiswahili?"

Sikuwa na jibu. Akauliza wanaitwaje, kijana mmoja akaropoka: majini. Kibanda kizima kikanyamaza. Aliyetoka Tanga anajua neno hilo halitupwi ovyo mbele ya mtu mzima. Kuna nyumba mtaani kwetu zilikuwa zikifukiziwa ubani kila Alhamisi. Bi mkubwa akatazama kioo muda mrefu, akasema, "Lafudhi si ya hapa." Kisha akanigeukia: "Mwanangu, cheza biashara yako. Lakini hilo, magharibi ikiingia, ulizime."

Nililizima. Nikaandika ukutani kwa maka peni: MAJINI MWISHO MAGHARIBI. Vijana waliofika na hela usiku nikawarudisha kwenye mpira, wakaguna, wakacheza mpira.

Mkuu, ndiyo maana nasita unaposema serikali ifungie kama Ujerumani. Mjerumani alifungia kidonda cha Mjerumani. Tukichukua orodha yake tutanyoa masharubu ya Hitler na kuwaacha Majini wa Kijuju, kwa sababu huko hakuna aliyejua neno hilo linauma wapi. Na marufuku yenyewe, mimi niliyekuwa nauza muda kwa CD za kuchoma nakuambia kwa uzoefu: ukiacha ile ya binamu yangu, hakuna CD iliyowahi kunifikia ikiwa na kibali cha nchi yoyote.

Kijana wako mkalishe akuonyeshe, na mwambie asizime sauti. Kwenye ukurasa wa kupakulia pameandikwa umri, kaanzie hapo. Ila umeandika uzi mrefu wote huu na jina la gemu lenyewe hukulitaja. Litaje, nikwambie lina nini ndani.