Maswali na Majibu: Protini Zinazokomaza Mbegu za Kiume

Je, mbegu za kiume zikitoka kwenye korodani huwa tayari kurutubisha yai?

La. Huwa zimekwisha kupata umbo lake, lakini bado haziwezi kuogelea vizuri wala kulipenya yai. Hupitia kwanza epididimisi, mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya kila korodani, ambao ukinyooshwa hufikia takriban mita 6, na safari hiyo huchukua siku kadhaa. Kwa kuwa jeni za mbegu zimekwisha kufungwa, yaani haziundi tena protini mpya, ukomavu wake hutegemea protini zinazomiminwa na kuta za mrija huo, ambazo baadhi hujibandika kwenye utando wa mbegu na nyingine hukata au kubadilisha zile zilizokuwapo.

Mrija huo hujuaje kwamba unapaswa kufanya kazi hiyo?

Hupewa taarifa na korodani yenyewe, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Mwaka 2020 watafiti wa Osaka, Japani, walieleza kwamba katika panya, seli zinazozaa mbegu hutoa protini iitwayo NELL2, ambayo husafiri na majimaji hadi mwanzo wa epididimisi na kuziamsha kuta zake zitoe protini nyingine, OVCH2, inayoshiriki kuikamilisha ADAM3, protini iliyo juu ya mbegu. Panya dume waliokosa NELL2 walikuwa tasa, kwani mbegu zao hazikuweza kutoka kwenye mji wa mimba na kuingia kwenye mirija ya uzazi.

Vipimo vya mume wangu ni vya kawaida, lakini hatujapata mtoto. Yaweza kuwa tatizo liko kwake?

Ndiyo, yaweza. Kipimo cha kawaida hutazama idadi, mwendo na umbo la mbegu, wala hakisomi protini zilizozifunika. Mojawapo ni DEFB126, inayosaidia mbegu kupenya ute wa mlango wa kizazi; utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wanaume waliorithi kasoro ya jeni yake kwa wazazi wote wawili huwa na mbegu zinazoonekana nzima, ilhali wake zao huchelewa kushika mimba. Kwa hiyo, dada yangu, jibu zuri la maabara la mumeo halitoshi kukutwisha wewe lawama.

Kukaa muda mrefu bila tendo la ndoa hukomaza mbegu zaidi?

Hapana. Zikikaa mno kwenye mkia wa epididimisi huzeeka na mwendo wake hupungua, ndiyo maana kabla ya kipimo mwanamume huombwa kujizuia kwa siku 2 hadi 7 tu.