Punda si ng'ombe: ujue mwili wake kabla hujamfunga mkokoteni

Nafuga punda wa kazi huku Kondoa, na swali ninaloulizwa zaidi na wafugaji wenzangu ni hili: kwa nini punda wangu hapoi vidonda vya shingo? Dawa amepakwa, amepumzishwa, akirudi kazini siku mbili tu kidonda kimefunguka tena. Huwa naomba kwanza nioneshwe kile anachofungiwa mkokoteni. Mara nyingi naletewa nira ya ng'ombe.

Mtazame ng'ombe wetu wa asili akiwa anavuta. Ana nundu, ana shingo nene, anainamisha kichwa na kuisukuma nira kwa shingo nzima. Ile nundu ndiyo inayoizuia nira isirudi nyuma. Punda hana nundu. Shingo yake ni nyembamba, na pale juu ya mabega mfupa umefunikwa na ngozi na nyama kidogo sana. Ukimwekea nira, mti unakaa juu ya mfupa, unayumba kila hatua na kusaga ngozi. Hapo hakuna dawa itakayoshinda. Nguvu ya punda iko kifuani na mabegani, kwa hiyo kitu cha kuvutia kipite kifuani.

Tengeneza ukanda wa kifua wenye upana wa kiganja au zaidi. Turubai iliyokunjwa inafaa, au gunia lililoshonwa mikunjo kadhaa. Kamba ya nailoni inakata ngozi, na mpira wa tairi wenye nyaya ndani yake ni mbaya kuliko kamba. Ukanda ukishuka sana unagonga kiungo cha bega na kumzuia kunyoosha mguu wa mbele. Ukipanda sana unabana koo, naye atakuwa anavuta huku anatafuta pumzi. Mahali pake ni katikati ya hapo, na viganja vyako vipite chini yake bila kulazimisha.

Jioni ukimfungua, usimwachie aende kwanza. Pitisha kiganja kifuani, mabegani, chini ya mkia na kila mahali palipoguswa na kamba. Ukikuta manyoya yamevunjika au yamelala kinyume, ngozi ina joto kuliko pembeni yake, hicho ni kidonda cha kesho. Rekebisha ukanda usiku huohuo. Manyoya meupe mgongoni au shingoni ni alama ya vidonda vya zamani, na ukinunua punda mnadani yatazame hayo kabla ya bei.

Sasa mzigo. "Punda afe, mzigo ufike" ni msemo uliowaumiza punda wengi. Kipimo kinachokubalika kwa mzigo wa mgongoni ni kama theluthi moja ya uzito wake. Punda wetu wengi ni wa kilo 120 hadi 150, maana yake kilo 40 hadi 50. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu mawili yanafaa. Madumu manne, ambayo tunayaona kila siku kwenye njia za kisimani, ni zaidi ya nusu ya mwili wake. Tena mzigo ukae ubavuni pande zote mbili kwa uzito sawa, juu ya matandiko yenye mfereji katikati, ili uti wa mgongo usiguswe na kitu chochote.

Mkokoteni unampa nafuu kwa sababu uzito unabebwa na magurudumu, ila upange mzigo juu ya ekseli. Ukiegemea mbele, miti inamkandamiza mgongo. Ukiegemea nyuma, mkanda wa tumbo unamnyanyua. Na kwenye mteremko mkokoteni usio na breki unamsukuma kwa nyuma, hivyo weka ukanda mwingine unaozunguka mapaja ili auzuie kwa makalio badala ya shingo.

Mengine yote kuhusu mnyama huyu yanaeleweka ukijua alikotoka. Babu yake ni punda mwitu wa Afrika, ambaye mpaka leo wamebaki wachache Eritrea na Ethiopia, na watu wa kaskazini mashariki mwa Afrika walianza kumfuga miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Ni nchi ya mawe, jua kali, majani ya kuokoteza na maji ya mbali. Masikio yale marefu yanapoza damu na kusikia mbali. Utumbo wake wa nyuma unachachusha mabua makavu na kutoa nguvu kwenye malisho ambayo farasi angekonda nayo.

Kwenye maji ndipo ninapostaajabu zaidi. Punda anaweza kupoteza maji yanayofikia asilimia 30 ya uzito wake akabaki hai, halafu akifika kisimani akanywa lita 20 au zaidi kwa dakika chache na kurudi katika hali yake. Watu wakilijua hili hufanya kosa la kumnyima maji mchana kutwa. Uwezo huo ni wa kuokoa maisha jangwani. Punda mwenye kiu anavuta kidogo na anachoka haraka, hata kama haoneshi. Mnyweshe kabla ya kazi, katikati na baada, na ndoo iwe safi, maana maji machafu atayakataa hata akiwa na kiu.

Kukataa kutembea nako kuna sababu. Farasi akiogopa hukimbia. Punda aliyezaliwa kwa mababu wa majabali akikimbia ovyo angevunjika mguu, basi yeye husimama aangalie. Ukimchapa wakati huo unamwongezea jambo la pili la kuogopa. Mwache atazame daraja au lile dimbwi, au mtangulize mwenzake aliyekwisha kuzoea. Punda hushikamana sana na mwenzake, na ukiwatenganisha ghafla aliyebaki anaweza kuacha kula.

Hapo ndipo pa kushtuka. Punda huficha maumivu. Mnyama anayeonekana mnyonge kwa kuumwa hufuatwa na fisi. Ukimwona amesimama peke yake, masikio yameanguka, hataki kula, usingoje kesho. Punda asipokula, mwili huanza kumwaga mafuta yake kwenye damu mpaka ini linashindwa, na jambo hili huua haraka hasa punda wanene, wenye mimba na wanaonyonyesha. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Masika nayo ni msimu mgumu kwake kuliko kiangazi. Kwato zake ni ndogo, zimesimama wima, zimeumbwa kwa mawe na mchanga. Kwenye tope hunyonya maji, hulainika na kuoza kwa ndani. Manyoya yake hayamwagi maji ya mvua vizuri, hivyo analowa mpaka kwenye ngozi na kupata baridi. Mpe paa, hata la makuti au bati chakavu, na mwaga kokoto mahali anaposimama. Chokonoa matope kwenye kwato kila jioni.

Mimba ya punda ni kama miezi 12 na huzaa mtoto mmoja. Biashara ya kuchinja punda ili kuuza ngozi zao ilipokuja, kundi halikuweza kujazika kwa kasi ya machinjio. Tanzania iliizuia mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaisimamisha barani kote kwa miaka 15. Huku kwetu bei ilikuwa imeshapanda, na kupanda huko kumewatia watu haraka ya kuwafunga mikokoteni punda wadogo ambao mifupa haijakomaa. Mfunue midomo kabla hujalipa. Kama bado ana meno ya mbele ya utoto, mnunue ukitaka, lakini mzigo mzito usubiri mpaka atimize miaka minne.